Ombi la mukimbizi mbele ya serikali: habari za Watamil wa Sri Lanka

Mukimbizi anapofika mbele ya ofisa wa serikali ya inchi ngeni, mara nyingi hana shahidi, hana karatasi, hana mutu wa kwao anayeweza kusema: «Huyu ninamujua.» Ana maneno yake tu. Ofisa naye hakuiona vita ile, hakijui kijiji kile, hasikii luga ile. Hata hivi anapashwa kuamua kama mutu huyu atabaki ao atarudishwa. Akikosea upande mumoja, anamupokea mutu asiye na haki ya kimbilio. Akikosea upande wa pili, anamurudisha mutu mikononi mwa wale waliomutesa.

Katika makala haya tunataka kueleza namna serikali kadha zilivyofanya kazi hiyo juu ya taifa moja, ndio Watamil wa Sri Lanka, tangu mwaka 1983. Tumewachagua hawa kwa sababu maombi yao yalifika mbele ya tribinali nyingi kubwa, na hukumu zilizotolewa juu yao zimekuwa kanuni kwa wakimbizi wa mataifa mengine. Mukongomani anayeomba kimbilio leo kule London anapimwa kwa mizani iliyotengenezwa katika kesi za Watamil. Tutaona kwamba shauri lote linasimama juu ya ulizo moja: je, mutu alisikilizwa yeye mwenyewe, ao alihukumiwa pamoja na kundi lake?

I. Watamil ni nani, na kwa nini walikimbia

Sri Lanka ni kisiwa kilicho kusini ya Uhindi. Hata mwaka 1972 kiliitwa Ceylon. Wengi wa wenyeji ni Wasinghala, na wengi wao wanafuata dini ya Buddha. Watamil ni wachache kuliko wao. Wengi ni Wahindu, na makao yao ya zamani ni upande wa kaskazini na wa mashariki. Kuna tena Watamil wengine, wazao wa vibarua walioletwa na Waingereza toka Uhindi kwa kulima chai milimani. Wakatoliki wako ndani ya mataifa yote mawili, na Wasinghala na Watamil walizoea kuhiji pamoja kwa Bikira Maria wa Madhu, katika jimbo la Mannar. Kwa hiyo vita yao haikuwa kwanza vita ya dini. Ilikuwa shauri la luga, la udongo na la utawala.

Kisiwa kilipata uhuru tarehe 4 mwezi wa 2, mwaka 1948. Mwaka uleule sheria ya uraia iliwaacha Watamil wengi wa mashamba ya chai bila inchi: hawakuwa raia wa Ceylon, wala wa Uhindi. Mwaka 1964 serikali ya Ceylon na ile ya Uhindi zilifanya masikilizano ya kuwagawanya watu hao: 525,000 waende Uhindi, 300,000 wabaki, na shauri la 150,000 lingoje. Watu wenyewe hawakuulizwa. Tunaweka habari hii kwa kusudi, maana inaonyesha namna serikali inavyoweza kuhesabu watu pasipo kumusikiliza hata mumoja.

Mwaka 1956 Kisinghala peke yake kilifanywa luga ya serikali, na Watamil wengi wakaona mulango wa kazi unafungwa mbele yao. Mwaka 1976 vijana waliokata tamaa walianzisha chama cha silaha, kinachoitwa kwa kifupi LTTE, ndio wale «Tigri». Mwaka 1981 maktaba kubwa ya muji wa Jaffna ilichomwa moto, pamoja na vitabu karibu 97,000. Kisha ikaja tarehe 23 mwezi wa 7, mwaka 1983: Tigri waliua askari 13 wa serikali. Kesho yake makundi ya watu yalianza kuwashambulia Watamil wa Colombo, kuchoma nyumba na maduka yao, na kuua. Ndani ya gereza la Welikada wafungwa 53 wa Kitamil waliuawa. Toka siku zile Watamil walianza kutoka kisiwani kwa makumi ya maelfu. Vita ilidumu hata mwezi wa 5, mwaka 2009.

Lakini tusifiche upande wa pili. Tigri nao waliua raia, waliwaua hata viongozi wa Kitamil waliokataa amri yao, walichukua watoto na kuwafanya askari, na mwaka 1990 waliwafukuza Waislamu wote wa upande wa kaskazini. Kwa sababu hiyo mambo ya Watamil ni magumu mbele ya maofisa: mutu yuleyule aliweza kuteswa na jeshi la serikali, na vilevile kulazimishwa kuwatumikia Tigri.

II. Sheria inasema nini

Sheria ya kwanza ni masikilizano ya Geneva ya tarehe 28 mwezi wa 7, mwaka 1951. Kufuatana na sheria hiyo, mukimbizi ni mutu aliye inje ya inchi yake, asiyeweza kupata ulinzi wa serikali ya kwao, na mwenye kuogopa, kwa sababu zenye musingi, kwamba atateswa kwa ajili ya ukoo wake, dini yake, taifa lake, kundi analohesabiwa ndani yake, ao mawazo yake ya siasa. Tena, mutu wa namna hiyo hawezi kurudishwa mahali ambapo maisha yake ao uhuru wake vitakuwa katika hatari. Waliofanya maovu makubwa ya vita hawakingwi na sheria hii. Mwanzoni ilisimamia mambo yaliyotukia mbele ya mwaka 1951 tu. Mwaka 1967 mupaka huo uliondolewa.

Tuangalie mambo mawili. La kwanza: sheria inasema ni nani mukimbizi, lakini haisemi namna ya kumusikiliza. Kila serikali ilitengeneza njia yake, na hapo ndipo tofauti zote zinatokea. La pili: Uhindi haukutia sahihi. Kwa hiyo Watamil waliovuka bahari nyembamba na kufika Tamil Nadu walipokewa kwa wema wa serikali, si kwa haki ya sheria. Waliwekwa katika makambi, na makumi ya maelfu wangali humo hata leo, wengine pamoja na watoto na wajukuu waliozaliwa kambini.

Kwetu Afrika mambo yako mbalimbali. Kongo iliingia katika masikilizano ya Geneva mwaka 1965. Mwaka 1969 serikali za Afrika, zilizokutana Addis Ababa, ziliongeza kwamba ni mukimbizi vilevile yule aliyekimbia vita, ao ugeni wenye kutawala kwa nguvu, ao fujo kubwa katika inchi yake. Watu wa Kivu, walioona wakimbizi toka Rwanda tangu mwaka 1959, wanafahamu maana yake: kundi likivuka mupaka kwa maelfu, hakuna anayeketi kumuuliza kila mutu kwa nini alikimbia. Lakini sheria ya Geneva peke yake haitoshi kwa mutu anayesema tu: «Kwetu kuna vita.» Anapashwa kuonyesha kwamba hatari inamutafuta yeye, kwa sababu fulani. Ulizo hili limewasumbua Watamil kuliko lingine lolote.

III. Namna ombi linavyopita

Katika inchi nyingi njia ni hii. Kwanza mutu anajiandikisha, anapigwa picha na kutiwa alama za vidole. Pili, ofisa anamuuliza maswali kwa saa nyingi, mutafsiri akiwa kati yao, na yote yanaandikwa katika dosie. Tatu, ofisa analinganisha maneno hayo na habari zinazojulikana juu ya inchi ile. Inne, anaamua. Mutu akikataliwa, kwa kawaida anaweza kupeleka shauri mbele ya juji.

Kazi ngumu ni kujua kama mutu anasema kweli. Maofisa wanapenda kutafuta maneno yanayopingana: kwanza alisema alikamatwa mwezi wa 3, kisha mwezi wa 5, kwanza alisema askari walikuwa wanne, kisha sita. Lakini sisi tunaosikiliza watu katika taabu zao tunajua kwamba mutu aliyeteswa hakumbuki mambo kama karani anavyosoma daftari. Anakumbuka harufu ya chumba na kusahau tarehe. Mwanamuke aliyetendewa aibu hataieleza mbele ya mwanaume asiyemujua, tena kwa kinywa cha mutafsiri wa taifa lake, ataitaja mwaka wa pili, na ofisa atasema: «Kwa nini haukusema mwanzoni?» Kwa hiyo neno linalopingana linaweza kuwa alama ya uongo, na linaweza vilevile kuwa kidonda. Mutu mwenye kuhukumu anapashwa kujua kutenga moja na jingine.

IV. Uingereza: woga unapimwa namna gani?

Baada ya mwaka 1983 Watamil wengi walikwenda Uingereza, mutawala wao wa zamani. Mwezi wa 5 mwaka 1985 serikali iliamuru kwamba kila mutu wa Sri Lanka apate viza mbele ya kusafiri. Ilikuwa mara ya kwanza kufanya hivi juu ya inchi iliyo katika umoja wake wa Commonwealth. Ila hakuna viza ya kukimbia. Mutu anayetafutwa na askari hawezi kupata karatasi hiyo kwa kusema ukweli wa safari yake. Mwaka 1987 sheria nyingine ilizitoza kampani za ndege na za meli feza 1,000 za Kiingereza kwa kila mutu waliyemuleta pasipo karatasi zinazofaa. Hivi mutu wa kwanza kumuhukumu mukimbizi akawa karani wa ndege, asiye juji wala hajui sheria ya Geneva.

Katika mwezi wa 2 mwaka 1987, Watamil waliokuwa wakirudishwa kwa nguvu walivua nguo zao uwanjani mwa ndege kule Heathrow, wakabaki na nguo za ndani tu mbele ya watu wote. Kufukuzwa kwao kulisimamishwa. Watu wazima hawajivulii heshima yao bure. Walifanya hivi kwa kuwa waliona kwamba maneno yao hayakufika popote.

Mwaka uleule kesi ya Watamil wengine ilifika mbele ya Baraza la Malodi, iliyokuwa wakati ule tribinali kubwa kuliko zote za Uingereza. Ulizo lilikuwa hili: woga wa mukimbizi unapimwa katika moyo wake, ao katika mambo yenyewe ya inchi? Wazee wetu wanasema kwamba aliyeumwa na nyoka anaogopa hata kamba. Je, sheria inamukinga anayeogopa kamba? Tarehe 16 mwezi wa 12, mwaka 1987, majuji walijibu kwamba woga wa moyoni hautoshi. Lazima mambo yenyewe yaonyeshe hatari. Lakini waliongeza neno lenye faida kubwa: si lazima mukimbizi aonyeshe kwamba atateswa kwa hakika, wala kwamba kuteswa kunaelekea zaidi kuliko kutoteswa, inatosha hatari iwe ya kweli, yenye kuaminika kwa akili. Mizani hiyo ni nyepesi kuliko ile ya kesi za mashamba na madeni, na kwa haki: aliyeshindwa katika kesi ya deni anapoteza mali, lakini mukimbizi aliyeshindwa anaweza kupoteza uhai.

Tuone matokeo kwa watu wenyewe. Kufuatana na hukumu ile, serikali ilisema kwamba Watamil wale hawakuwa katika hatari, na mwezi wa 2 mwaka 1988 iliwarudisha Sri Lanka. Wakati ule sheria ya Uingereza iliwaruhusu kuomba juji atazame shauri lao upya, lakini wakiwa wamekwisha kuondoka. Maavoka wao walifanya hivi. Mwaka 1989 juji alitambua kwamba watano kati yao walikuwa na sababu ya kweli ya kuogopa, nao wakarudishwa Uingereza. Basi, sheria iliyomwambia mutu: «Nenda kwanza, tutaona kisha kama ulipashwa kubaki», ilimufanya yeye mwenyewe kuwa chombo cha kupimia hatari.

Hao watano walipeleka shauri lao Strasbourg, mbele ya tribinali ya Ulaya ya haki za watu. Tarehe 30 mwezi wa 10, mwaka 1991, walishindwa. Majuji walisema kwamba hali ya watano hawa haikuwa mbaya kuliko ya vijana wengine wa Kitamil, na kwamba kule kuwezekana tu kwa mateso hakutoshi. Tangu siku ile mwombaji aliulizwa: «Wewe unatofautiana na wengine kwa nini?» Hilo ni jambo la ajabu: wakiteswa wengi, kila mumoja anaambiwa kwamba hana jambo la pekee. Miaka 17 nyuma yake, tarehe 17 mwezi wa 7, 2008, tribinali ileile ilimukinga Mutamil mwingine asirudishwe toka Uingereza. Safari hii majuji walitazama alama zake zote pamoja: kwamba alikwisha kukamatwa, kwamba jina lake liliandikwa, kwamba ana makovu, kwamba anarudi toka London. Kila alama peke yake ingekuwa ndogo. Zikikusanywa zilionyesha hatari.

V. Kovu linasema nini?

Kesi moja ya Uingereza inafaa kutazamwa polepole. Mutamil mumoja alisema kwamba askari walimuchoma kwa vyuma vya moto. Alikuwa na makovu marefu mukononi na mugongoni. Munganga mwenye kuzoea kazi hiyo aliyatazama, akaandika kwamba yanalingana kabisa na maneno ya mwombaji. Makovu ya mugongo yalikuwa na mistari iliyonyoka, kwa hiyo alipochomwa hakujitikisa. Naye alikuwa amesema kwamba wakati ule alikwisha kuzimia. Majuji wa kwanza hawakuamini. Walisema kwamba labda aliomba mwenziwe amuchome kwa kusudi, apate alama za kuonyesha serikali.

Shauri lilipanda hata tribinali kubwa ya inchi, nayo ilihukumu tarehe 6 mwezi wa 3, mwaka 2019. Majuji wote walipatana: haifai kuweka dhana ya namna hiyo pasipo kupima vema ushuhuda wa munganga. Ni mara chache sana mutu anaomba kuchomwa mwili wake kwa namna ile, na munganga ana haki ya kusema si hivi tu kwamba hili ni kovu la moto, lakini tena kama linapatana na habari zote alizosimulia mugonjwa. Walirudisha shauri lisikilizwe upya. Hukumu hiyo inawasaidia leo wote wenye kubeba ushuhuda wao katika ngozi yao, wawe wa taifa lolote.

VI. Kanada: haki ya kusema kwa kinywa chake

Mbele ya mwaka 1985, katika Kanada, mwombaji alihojiwa na ofisa wa kazi hiyo, maneno yakaandikwa, na watu wasiomuona hata mara moja waliamua kwa kusoma karatasi. Watu saba, wengi wao Masikh wa Uhindi, walipinga njia hiyo. Tarehe 4 mwezi wa 4, mwaka 1985, tribinali kubwa ya Kanada iliwapa haki. Ilisema kwamba kila mutu aliye katika udongo wa Kanada, hata asiye raia, anapashwa kutendewa kwa haki. Na kama shauri linategemea kuaminiwa kwake, anapashwa kusikilizwa kwa mudomo na yule anayeamua. Toka hukumu hiyo Kanada ilitengeneza baraza la pekee la kusikiliza wakimbizi, lililoanza kazi mwaka 1989. Watamil walikuwa kati ya wa kwanza kufaidiwa.

Tarehe 11 mwezi wa 8, mwaka 1986, wavuvi wa Newfoundland waliokota Watamil 155 katika mashua mbili ndogo, katikati ya ukungu wa bahari. Watu hao walisema kwamba wametoka Uhindi. Baada ya siku chache ilijulikana kwamba walitoka Ujerumani ya Magharibi. Wakanada wengi walikasirika: «Ni waongo, warudishwe.» Serikali haikuwafukuza, iliwapa ruhusa ya kukaa na kufanya kazi kwa mwaka mumoja. Hapa kuna fundisho kwa wenye kuhukumu. Uongo ni uongo, hatuusifu. Lakini mutu anaweza kudanganya juu ya njia aliyopita, kwa kuogopa ao kwa kufundishwa na aliyemusafirisha, na hata hivi sababu ya kukimbia kwake ikawa ya kweli. Mashauri mawili hayo yanapashwa kupimwa kila moja mahali pake.

Tarehe 13 mwezi wa 8, mwaka 2010, meli moja, Sun Sea, ilifika Kanada upande wa magharibi, ikiwa na Watamil 492, pamoja na wanawake na watoto. Safari hii serikali ilionyesha ukali. Ilisema kwamba kati yao wako Tigri na wafanya biashara ya kusafirisha watu; wengi wakafungwa kwa miezi mingi. Mwaka 2012 sheria mupya iliruhusu kuwafunga wanaofika kwa kundi namna hiyo, tangu umri wa miaka 16, na kuwakataza kuomba ruhusa ya kukaa daima mbele ya miaka mitano kupita, hata wakiisha kutambuliwa kuwa wakimbizi. Ndani ya meli mutu mumoja alikuwa ameangalia mashine, mwingine alipika chakula na kulinda zamu. Kwa ajili ya kazi hizo waliambiwa kwamba nao ni wasafirishaji wa watu, na maombi yao hayakuweza kusikilizwa. Tarehe 27 mwezi wa 11, mwaka 2015, tribinali kubwa ilikataa hesabu hiyo: mukimbizi anayewasaidia wenzake katika kukimbia kwao wote, asiyetafuta faida ya feza, si mufanya biashara ya watu.

VII. Australia na Diego Garcia: kuhukumiwa juu ya maji

Australia ilichukua njia nyingine. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2012 watu waliotoka Sri Lanka kwa mashua waliulizwa maswali mafupi mara tu walipofika, na ofisa alipoona kwamba hawakutaja sababu inayoingia katika sheria, walirudishwa upesi, pasipo juji wala avoka. Mwaka 2014 kazi hiyo ilifanywa hata baharini. Watu 41, wengi wao Wasinghala na Watamil 4, waliulizwa wakiwa ndani ya meli ya serikali ya Australia, kisha walikabizwa kwa jeshi la bahari la Sri Lanka. Tufikiri kidogo: mutu anayeogopa serikali ya kwao anaulizwa toka mbali, juu ya mawimbi, na kisha anawekwa mikononi mwa serikali ileile.

Mwezi uleule Watamil 157 waliotoka Pondicherry katika Uhindi, na watoto wengi kati yao, walizuiwa ndani ya meli ya Australia karibu mwezi mumoja, serikali ikitaka kuwarudisha Uhindi. Mwishoni walipelekwa katika kisiwa cha Nauru. Tarehe 28 mwezi wa 1, mwaka 2015, tribinali kubwa ya Australia iliamua kwamba kuzuiwa kwao kulikuwa ndani ya sheria. Majuji 4 walikubali, 3 walikataa. Serikali ilisema kwamba ukali huo unazuia watu wasife baharini, na ni kweli kwamba wengi walikufa katika mashua zilizozama. Lakini kumuokoa mutu asizame si sababu ya kutomusikiliza.

Mufano wa mwisho ni wa karibu. Mwezi wa 10 mwaka 2021 mashua ya Watamil 89, waliotaka kufika Kanada, ilipata hatari katika Bahari ya Hindi. Waliokolewa na kupelekwa Diego Garcia, kisiwa cha askari kinachotawaliwa na Waingereza. Hakuna mutu aliyewahi kuomba kimbilio pale. Waingereza hawakuwa wametandaza sheria ya Geneva hata kisiwa kile, wala hapakuwa na baraza la kusikiliza. Watu waliishi katika hema, ndani ya ua uliolindwa, wengine zaidi ya miaka mitatu. Mwezi wa 12 mwaka 2024 karibu wote walipelekwa Uingereza, na mwezi uleule juji wa kisiwa aliamua kwamba walifungwa pasipo haki.

VIII. Haki ya serikali na mapashwa yake

Hatusemi kwamba kila anayeomba kimbilio ni mukimbizi. Wako wanaotafuta kazi tu, wako wanaonunua hadisi kwa wasafirishaji, na kati ya waliokimbia wako waliofanya maovu. Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake na kupima maombi. Tena baada ya mwaka 2009 hali ya Sri Lanka ilibadilika, na tribinali za Uingereza tangu mwaka 2013 zinatenga wazi: si kila Mutamil aliye katika hatari, ila wale ambao serikali ya kwao inawahesabu kuwa adui, kama watu wenye kufanya siasa ya Kitamil inje ya inchi na wale ambao majina yao yameandikwa katika orodha ya askari. Kutenga hivi ni kwa haki, maana kunatazama mutu na mambo yake.

Lakini katika mifano yote tuliyoeleza, serikali ilipotenda vema ilimupa mutu mambo manne: nafasi ya kusema mwenyewe mbele ya anayeamua, mutafsiri anayefaa, sababu za hukumu, na juji wa kutazama upya mbele ya kurudishwa. Ilipokosea, lilikuwa limepungua moja la hayo. Ukali wa hukumu si kosa peke yake; juji anaweza kukataa ombi na kuwa mwenye haki. Kosa ni kuhukumu bila kusikiliza.

IX. Barua ya padri na ya mwalimu

Jambo hili linatufikia sisi wenyewe. Watu wetu nao wanaomba kimbilio mbali, na siku moja mumoja wao, ao jamaa yake, atabisha mulangoni mwa parokia akiomba barua. Vilevile maofisa wamezoea kuona barua za mapadri katika madosie ya Watamil. Nyingine zilisaidia sana. Nyingine hazikuwa na nguvu, maana ziliandikwa kwa maneno yaleyale kwa kila mutu.

Musimamizi mwema wa ushuhuda tunaweza kumuonyesha. Baada ya vita, Askofu Rayappu Joseph wa Mannar alifika mbele ya komisioni ya serikali, mwezi wa 1 mwaka 2011. Hakupaza sauti, wala hakutaja habari alizozisikia njiani. Alichukua hesabu za serikali yenyewe: mwezi wa 10 mwaka 2008 makarani wa wilaya waliandika watu 429,059 katika eneo la Vanni, waliotoka humo na kuhesabiwa walikuwa 282,380. Aliuliza: wale 146,679 wako wapi? Hakusema kwamba wamekufa wote. Hakusema zaidi ya aliyojua. Kwa sababu hiyo hesabu yake ingali inatajwa hata leo, nyuma ya kifo chake cha mwaka 2021.

Basi, padri ao katekista anayeandika barua ashike mambo haya. Aandike aliyoyaona kwa macho yake, na tarehe anayoikumbuka kweli. Aliyoyasikia, aseme aliyasikia kwa nani. Asilolijua, asiliandike, hata mama wa kijana akilia mbele yake. Asitumie maneno ya barua ya jana kwa mutu wa leo. Aache mufano wa barua katika ofisi ya parokia, maana ofisa anaweza kuandika kuuliza kama ni ya kweli, na barua isiyojibiwa ni kama haikuandikwa. Barua moja ya uongo ikigunduliwa, ofisa atazitilia shaka barua zote zinazotoka katika parokia ile, na atakayelipa si aliyeiandika. Atalipa mukimbizi wa kweli anayefuata, mwenye kufika mbele ya meza ile na maneno yake tu.